Seva ikihama, funguo zibaki na nani?

Mwenye kampuni Kampala akilalamikia kompyuta za ofisi yake siku hizi, ushauri anaopewa ni ule ule: tupa hiyo seva kuukuu (kompyuta kuu inayotunza data za ofisi), ajiri kampuni nyingine ikutunzie mitambo, hamishia kila kitu kwenye wingu, yaani kompyuta za wengine unazozifikia kwa intaneti. Anayesita huonekana mshamba. Mimi naona wanaosita wana hoja, ingawa mara nyingi wenyewe hawajui kuieleza.

Upande wa pili nao una haki yake. Kutunza seva yako mwenyewe hapa kwetu ni gharama. Umeme unakatika, ukirudi unakuja kwa kishindo na kuunguza vifaa. Betri za akiba zinakufa, jenereta inataka mafuta. Fundi ukishamfunza akaiva, benki inamchukua. Kituo cha data, jengo la kutunzia seva za wengi, kama cha Raxio kule Namanve, kilichofunguliwa 2021, kina umeme wa akiba na ulinzi ambao muuza vipuri hawezi kuumudu. Tena Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na zipo ofisi zinazoendesha matoleo ya nyuma kuliko hilo. Na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ilipofanya ankara za kielektroniki za mfumo wa EFRIS kuwa lazima kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya VAT, waliokuwa na programu za kale ambazo haziwezi kuungana na mfumo huo walijikuta wakiandika ankara ile ile mara mbili. Hapo sina ubishi.

Lakini mfumo wa zamani haukai ofisini kwa uvivu tu. Kuna ofisi moja ya wakala wa forodha ninayoifahamu Nakawa. Seva yao iko chini ya meza ya mhasibu, imebandikwa karatasi ya USIZIME, na feni inaipuliza kutwa. Ndani mna programu ya hesabu iliyoandikwa na kijana aliyekwisha kwenda zake ughaibuni. Programu hiyo inajua mambo yasiyoandikwa popote: mteja gani wa Juba hulipa kwa dola, yupi hugawana na ofisi gharama za kontena kukaa bandarini Mombasa, ankara ipi isitoke mpaka lori livuke Malaba. Kampuni ya nje ikija kuhamisha, inahamisha majina na tarakimu. Taratibu hizo zinaachwa, na atakayegundua ni mhasibu, mwisho wa mwezi, mteja akishapiga simu kufoka.

Halafu kuna intaneti yenyewe. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku zipatazo tano. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na sisi tusio hata na pwani tukayumba pamoja na majirani. Aliyekuwa na hesabu zake chini ya meza aliendelea kuandika vocha. Aliyeziweka zote ng'ambo alisubiri.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni funguo. Anwani ya kampuni mtandaoni, ile inayoishia na .co.ug, imesajiliwa kwa jina la nani? Barua pepe ya kuirejesha ni ya nani? Pasiwedi kuu ya seva anayo nani, na nakala za akiba ziko wapi? Uliza maswali haya katika biashara ndogo iliyokodi fundi wa nje, na mara nyingi bosi atakujibu, "Hayo muulize fundi." Basi siku wakikosana juu ya malipo, fundi hahitaji kuiba chochote. Akiacha tu kupokea simu, barua pepe za wateja wa Kigali na Mombasa zinakwama, anwani inafika mwisho wa muda wake bila kulipiwa, na kumshtaki kunachukua miezi ambayo biashara haina. Mkataba wenyewe, kama upo, ni kurasa mbili zinazotaja bei na tarehe ya kuanza. Namna ya kuachana haimo.

Wakubwa nao hawajapona. Oktoba 2020 benki ya Stanbic na kampuni za simu za MTN na Airtel zilitoa tamko la pamoja kwamba mtoa huduma wa tatu amepata hitilafu iliyoathiri miamala kati ya benki na simu. Wateja hawakuwa wakimjua huyo wa tatu. Waliyemjua ni benki yao na mtandao wao wa simu, na huko ndiko walikolalamika. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo haimwachii mwenye biashara ajitetee kwamba kazi alimpa mwingine: anatakiwa kuhakikisha anayeshughulikia data kwa niaba yake anailinda.

Kwa hiyo barua pepe na nakala za akiba ningezitoa nje hata kesho. Programu ya hesabu ningeiacha Nakawa, ikiwa imetengwa na intaneti, mpaka mhasibu akae na mtu waandike taratibu zake moja baada ya moja. Anwani ningeisajili kwa jina la kampuni. Na kabla ya kusaini ningedai mkandarasi anikabidhi pasiwedi zote na nakala kamili ya data, fundi mwingine ajaribu kuifungua kwenye mashine nyingine. Watasema hilo linaongeza bei. Linaongeza kweli, na ni afadhali kujua kiasi gani wakati bado unaweza kumtafuta mwingine.