Taa ya Mwenye Kitambi

Jamani, hii Vitz itaniua. Mwezi jana kwenye dashibodi iliwaka taa nyekundu, picha ya mtu amekaa na mpira mkubwa tumboni. Mke wangu akaitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Wamekuchora."

Wiki hiyohiyo honi nayo ikafa. Dar bila honi! Kwenye foleni ya Buguruni natoa kichwa dirishani nawapigia bodaboda "piii" kwa mdomo.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Eabegi hiyo, mzee, ule mfuko wa hewa wa kwenye usukani unaolipuka ukigonga. Nakutolea balbu, elfu kumi, unasahau." Yaani nyumba inaungua, yeye ananifumba macho, tena kwa hela yangu! Shemeji naye akaja na mita yake ya kupimia soketi za ukutani, anazisogeza zile ncha kwenye waya wa njano wa eabegi na uso wangu uko palepale mbele ya usukani. Nilishuka bila kukumbuka kufungua mkanda.

Nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa Ilala. Akachomeka mashine, akasema, "Mzee, una kodi." Nikaruka: "Nimelipa miezi sita mbele!" Kumbe kodi ya mashine, yaani namba ya hitilafu: B0101, njia ya umeme ya eabegi ya dereva imekatika. Akauliza kitu kimoja tu: "Honi inalia?" Nikaangalia chini.

Akatoa betri, akasema tungoje sekunde 90, maana kompyuta ya eabegi hubakiza umeme wa kuilipua hata betri ikitoka. Mimi nilihesabu mia tatu, ng'ambo ya barabara.

Nyuma ya usukani kuna kikasha cha plastiki, ndani yake utepe wa nyaya umejiviringisha kama kanda ya kaseti. Honi inapita humo, eabegi inapita humohumo. Wangu ulikuwa umechanika. "Nani aligusa steringi?" Nikamkumbuka yule aliyebadilisha steringi boksi, aliuacha usukani unazunguka ovyo kama feni. Kumbe nilimlipa anichanie!

Tukapata kikasha used cha Japani. Kijana akakizungusha polepole mpaka kikagoma, akakirudisha mizunguko miwili na nusu, alama zikakutana. Ukikifunga kichwa kichwa, anasema, kona kali ya kwanza tu kinakatika. Akafunga, akafuta ile kodi. Laiti mwenye nyumba wangu angejifunza hiyo kazi.

Honi ililia mpaka mama ntilie akaangusha mwiko. Nafika nyumbani, mke wangu: "Katoa balbu huyo." Nikamweleza: balbu ikitolewa taa haiwaki kabisa, ila eabegi ikiwa nzima, ukifungua swichi taa huwaka kama sekunde sita, halafu inazima yenyewe. Hakujibu. Tangu siku hiyo kila asubuhi anainama dirishani kwangu, anahesabu kwa sauti mpaka sita, ndipo anaenda kufungua geti.