Mvua inapohamishwa gridi

Ukitaka kulinganisha modeli mbili za tabianchi, utagundua mapema kwamba nukta za gridi zake, yaani mtandao wa visanduku ambavyo kila modeli huigawa ramani, haziangukiani. Modeli za kikanda, zikiwemo nyingi za CORDEX, mradi wa kimataifa wa modeli hizo, huizungusha ncha ya gridi ili ikweta ya gridi ipite katikati ya eneo linalochunguzwa. Nyingine hutumia projeksheni ya Lambert, njia mojawapo ya kuichora dunia ya mviringo kwenye ramani bapa. Huwezi kutoa hii kwa ile, wala kupata wastani, mpaka zote zihamishiwe gridi moja.

Kwa hiyo wanaotetea uhamishaji wana hoja. Wanaosita nao wana yao, na naiona nzito zaidi: thamani inayopatikana kwenye gridi mpya ni makadirio tu, modeli yenyewe haikuikokotoa. Kwa halijoto, hasara huwa ndogo isipokuwa milimani, ambako kimo hubadilika ghafla.

Mvua ndiyo yenye kazi. Tuseme nukta moja imepata milimita 80 kwa siku, na jirani zake tatu hazikupata hata tone. Nukta mpya ikiangukia katikati ya hizo nne, ukadiriaji wa mstari wa pande mbili, unaochanganya thamani za nukta nne za jirani kwa kadiri ya ukaribu, utaipa milimita 20. Dhoruba imetoweka. Iko njia nyingine, inayogawa mvua kulingana na eneo ambalo visanduku vya zamani na vipya vinaingiliana. Hiyo hulinda jumla ya maji, na kwa mizania ya maji ya bonde la mto sioni mbadala wake. Lakini nayo hutandaza mvua hadi palipokuwa pakavu: kilele kinashuka, siku za mvua zinaongezeka. Anayechunguza mafuriko au ukame anaweza kudhani ni tabia ya modeli, kumbe ni alama ya uhamishaji.

Ndiyo maana nashikilia kwamba vipimo vya mvua kubwa na siku kavu vikokotolewe kwanza kwenye gridi ya asili, kisha matokeo ndiyo yahamishwe. Upepo nao una sharti lake: kwenye gridi iliyozungushwa, vijenzi vyake, yaani sehemu mbili ambazo upepo hugawanywa kwa mwelekeo, mara nyingi hufuata mihimili ya gridi hiyo, hivyo virudishwe kwanza kwenye mashariki na kaskazini halisi.

Na gridi ya pamoja iwe ipi? Ile yenye visanduku vipana kuliko zote. Kuivuta modeli ya visanduku vya kilomita 50 hadi vya kilomita 5 hulainisha picha bila kuongeza taarifa yoyote. Kweli, modeli zenye undani zaidi zitaupoteza kwenye ulinganisho huo. Hasara hiyo naikubali, maana undani wake bado umo kwenye faili za asili.