Saa yangu inatembea Tanga, London inalala kabatini

Kila ninapokaribia kusafiri kwenda nyumbani, Watanzania wenzangu wa hapa London huniambia neno moja: "Ile saa yako iache huku, dada. Bongo watakukata mkono." Wanasema kwa nia njema. Lakini huu ni mwaka wa tatu nafanya kinyume chake. Nikiwa London saa hiyo iko kabatini, imefungwa ndani ya kanga. Nikishuka Tanga naivaa asubuhi na siivui mpaka usiku napopanda kitandani. Nataka kueleza kwa nini, maana tumezoea kuiogopa kwetu kwa hofu ya kusimuliwa, na huku ugenini tunatembea kwa imani ambayo hakuna aliyeikagua.

Niitaje saa yenyewe kabisa. Ni Omega ya chuma, ndogo ya kike, mkanda wake ni wa ngozi nyeupe, haina dhahabu wala almasi. Niliilipia zaidi ya pauni 4,000, ambazo kwa shilingi zetu zinapita milioni 12. Mimi ni muuguzi. Pesa hiyo niliidunduliza miaka mitatu kwa zamu za usiku za ziada, baada ya wadogo zangu kumaliza vyuo na nyumba ya mama kuezekwa upya. Nilikuwa nimetimiza miaka 45 na sijawahi kujinunulia kitu kisicho cha lazima. Nilipotoka dukani nilikaa kwenye benchi nikaitazama kwa muda mrefu, na machozi yalinitoka.

Watu hudhani ukishainunua saa ya namna hiyo utaivaa kila siku. Mimi kazini siruhusiwi. Hospitali za umma za England zina kanuni, tangu mwaka 2008, kwamba anayemhudumia mgonjwa mikono iwe mitupu kuanzia kwenye viwiko kushuka: hakuna saa, hakuna bangili, ili kunawa kuwe kunawa kweli na vijidudu visipate pa kujificha. Kanuni hiyo naiunga mkono, nimeona maambukizi yanavyomaliza watu. Kwa hiyo kazini natumia kijisaa cha bei rahisi kinachobanwa kifuani, kichwa chini, ili nikiinamisha macho nikisome ninapohesabu mapigo ya mgonjwa. Zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili, siku nne kwa wiki. Hizo tayari zimetoka.

Zinabaki siku za mapumziko, na hapo ndipo jiji lenyewe linaponizuia. Mwezi wa Aprili 2022 bondia Amir Khan alitolewa saa mkononi kwa mtutu wa bunduki pale Leyton, mashariki mwa London, akiwa na mkewe. Saa yake ilikuwa ya takribani pauni 70,000. Barabara ile ndiyo ninayopita nikienda kununua ndizi na mihogo. Yangu haifikii hata sehemu ya kumi ya bei hiyo, lakini anayekuja na pikipiki hakuombi risiti. Anaona mng'ao, anajua jina, ameshapiga hesabu kabla hujageuka.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Miaka ya korona saa hizi zilipanda bei ajabu. Madukani kulikuwa na foleni ya kusubiri, kwa hiyo baadhi ya saa za chuma zilizokwisha kuvaliwa zikawa zinauzwa ghali kuliko mpya. Kitu kinachoingia kwenye kiganja, kisichoharibika, kinachojulikana bei yake kuanzia London hadi Hong Kong: kwa mwizi hiyo ni fedha taslimu yenye mkanda. Polisi wa London walifika mahali pa kuwavalisha askari wao saa za thamani na kuwatembeza usiku katikati ya jiji kama chambo, na waliwanasa wezi kwa mtego huo. Mji ukifikia hapo, mimi natembea peke yangu saa nane usiku kutoka kituo cha basi, nivae kwa ajili ya nani?

Kuna bima, ndiyo. Bima ya kawaida ya nyumba huku ina kikomo kwa kitu kimoja kimoja. Saa inayozidi kikomo hicho lazima uitaje kwa jina, uonyeshe risiti na namba iliyochongwa, na ulipie zaidi ili ikulinde hata ukiwa nje. Mimi nalipia. Lakini bima hurudisha pesa tu. Kisu kilichokaa shingoni hakirudishwi na mtu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Saa yangu ni otomatiki: haina betri, inajijaza kwa mwendo wa mkono wa anayeivaa. Ukiivua siku mbili hivi, inasimama. Kila ninapoifungua ile kanga London naikuta imekufa saa yoyote iliyojichagulia. Na moyo wa mashine yake, ule mtambo unaogawa mapigo, ulibuniwa na Mwingereza, George Daniels, fundi saa aliyekulia kwenye umaskini kaskazini mwa London hii hii. Omega waliuchukua ubunifu wake mwaka 1999. Mtoto wa maskini wa London alibuni mashine hiyo, na mimi mfanyakazi wa London niliyeilipia kwa jasho langu naificha nguoni.

Sasa twende Tanga.

Sitasema kwetu hakuna wezi. Dar es Salaam nimeshakwapuliwa simu kwenye foleni ya magari, kioo kikiwa wazi, na kijana alipotea kabla sijapiga kelele. Kariakoo navuta mkono wa nguo mpaka kwenye vidole. Lakini kibaka wa kwetu anajua simu, anajua pochi, na anajua dhahabu. Dhahabu kwetu pwani ina lugha yake. Mama yangu anaweza kupima mkufu kwa macho akakwambia ni gramu ngapi, na sonara atauweka kwenye mizani akakupa pesa siku hiyo hiyo. Dhahabu ndiyo benki ya wanawake: ukiuguliwa unauza bangili, mambo yakitengemaa unanunua nyingine. Kwenye arusi tunaazimana, mkufu wa shangazi kwenye shingo ya binti wa jirani, na kesho yake unarudishwa kwenye kitambaa.

Chuma hakina lugha hiyo. Nikimpelekea sonara Omega yangu aipime kwa gramu, nitapata bei ya kijiko. Tena madukani kwetu zimejaa saa zenye majina yote makubwa, kwa elfu ishirini, elfu thelathini, na kila mtu anajua ni feki na hamlaumu aliyeivaa. Ndani ya msitu huo saa yangu inajificha yenyewe. Nimepanda nayo daladala, nimekwenda nayo sokoni Ngamiani, nimekaa nayo barazani mpaka usiku. Hakuna aliyeitupia jicho mara mbili, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo ni fundi saa, mzee ambaye meza yake iko kwenye baraza ya duka tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza akiutazama mkono wangu. "Mwanangu, niipe niisikilize." Hakuifungua. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyesikia sauti ya mjukuu. Aliniambia kwa ukweli kwamba vifaa vya kuifungua hana na kwamba nisimkabidhi mtu yeyote wa Tanga aifungue. Akaniuliza mbona imenunuliwa zamani na mkanda bado mpya. Nikamweleza habari ya kabati. Akairudisha mkononi mwangu mwenyewe, akaifunga, akasema, "Basi huku ivae. Ila usiiogeshe baharini." Na kweli, haikutengenezwa kwa kuogelea. Nikienda Raskazone naiacha kwa mama.

Kwa hiyo gharama ya kuivaa nyumbani sikuiona kwa wezi. Niliiona sebuleni.

Safari ya kwanza mama aliniuliza, "Shilingi ngapi hii?" Nikamjibu elfu thelathini, Kariakoo. Akafurahi, akasema nimepata. Miezi miwili baadaye mdogo wangu akaiona saa ileile kwenye simu, pamoja na bei, akamwonyesha. Mama alinipigia usiku nikiwa njiani kwenda zamu. Hakupaza sauti. "Mwanangu, ulinionaje hata unifiche?" Nimewahi kusemwa na wagonjwa, nimewahi kutukanwa barabarani kwa rangi yangu, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwenye basi lile.

Wengi wetu ughaibuni tunadanganya hivyo, na tunajiambia ni busara. Ama tunaficha tulichonacho, ama tunakionyesha bila kusema kilikotoka. Matokeo yake nyumbani wanaamini pesa huku inachumwa kama embe. Safari iliyofuata nilikaa na mama jikoni nikamhesabia: zamu thelathini na kidogo, kila moja saa kumi na mbili za usiku, kila moja na watu ninaowageuza kitandani wasipate vidonda. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na mwiko mkononi. Akasema, "Basi usiivue ukija kwangu."

Binamu yangu alikuja na hesabu nyingine: milioni 12 ni bodaboda nne. Ni kweli, na hakusema kwa kijicho, ana watoto watatu. Nilimjibu kwamba zamu zilizotangulia hizo thelathini zilikwisha kwenye ada na mabati, naye anazijua kwa sababu aliyabeba mabati hayo. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Ningekuwa na mdogo wangu aliyerudishwa nyumbani kwa ada, saa hiyo ningeivaa kwa aibu, na nisingepaswa kuinunua. Majukumu yakiisha, mtu aliyefanya kazi ana haki ya kitu kizuri kwenye mkono wake, na ana wajibu wa kusema bei yake akiulizwa na mama yake.

Ndiyo maana nawaelewa vijana wa Kenya. Mwaka 2024 walipojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, anasa za wanasiasa zilikuwa sehemu ya hasira yao, na saa za mikononi zilikuwemo. Zamani tuliwaita Wabenzi kwa magari yao, siku hizi mkono mmoja unabeba thamani ya gari. Mwananchi akiona saa ya mheshimiwa anauliza imetoka wapi, na mheshimiwa hana zamu za kuhesabu.

Asubuhi za Tanga nakaa na mama nyuma ya nyumba, tunachambua mchele. Ananiuliza saa ngapi. Mshale mfupi uko kwenye nane, namjibu saa mbili, kwa sababu tangu utotoni macho yetu yanasoma upande wa pili wa uso wa saa bila hata kufikiri. London nikiusoma mshale huo lazima nijikumbushe niko wapi.

Desemba iliyopita binti wa dada yangu alikuwa anasindikiza arusi ya rafiki yake. Wenzake walikuwa wameazima mikufu na bangili kila mmoja kwa shangazi yake. Yeye alikuja kwangu akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuazima saa. Anasomea uuguzi, mwaka wa pili. Nilimwambia bei yake, nikamhesabia zamu, kisha nikaivua nikamfunga mwenyewe, tundu la tatu, maana mkono wake ni mwembamba. Ilirudi kesho yake kwenye kitambaa cha mezani, inatembea, na kwenye ngozi nyeupe ya mkanda kuna doa la hina la ukubwa wa punje ya mtama. Dada yangu aliniomba radhi mara tatu, akataka kununua mkanda mwingine. Nilimkataza. Doa lile liko hapa nami London, ndani ya kanga.