Shajara Yangu Yasomwa Kikobani

Ukitaka kurudi kwenye shajara uliyoitelekeza, usianze na kurasa tatu kwa siku. Mistari mitano inatosha, mradi iwe saa ileile. Mimi nimechukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Naandika tarehe, jambo moja nililoliona, na jambo moja lililoniudhi. Hilo la mwisho ndilo linalousukuma mkono, maana mtu anaweza kukosa habari, kinyongo hakosi.

Daftari liwe kaunta buku la kwaya mbili. Mgongo wake umeshonwa, haupukutishi kurasa. Baridi ya Julai hapa Dodoma hufanya wino wa peni kuwa mzito, ukaandika mikwaruzo mitupu. Isugue viganjani au ibane kwapani kidogo. Na usiiache bila kifuniko: vumbi letu jekundu likishaingia kwenye ncha, kanunue nyingine.

Hayo yote nilikuwa nimeyapangilia. Tatizo lilikuwa jalada. Kaunta buku za dukani kwa Mangi zinafanana, nyeusi zenye mgongo mwekundu, na mke wangu ni katibu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Jumamosi tukakaa chini ya mwarobaini, sanduku likafunguliwa kufuli zote tatu. Mwenyekiti akaagiza usomwe muhtasari wa kikao kilichopita. Mke wangu alikuwa bado anagonga mihuri ya hisa, akampa daftari binti mmoja mwenye sauti ya kusomea risala.

“Jumanne,” binti akanguruma. “Upepo umetulia. Mama Mwenyekiti ameazima tena mwiko wetu. Tumesonga ugali kwa upawa.”

Nilikuwa safu ya nyuma, hela ya hisa mkononi. Nikatafuta pa kupitia, hapakuwepo.

“Endelea,” Mama Mwenyekiti akasema, macho yako kwangu. “Tusikie na yatokanayo.”

“Jumatano. Mlenda wa leo ulikuwa na mchanga. Nimesema ni mtamu.”

Muhuri ukasimama hewani. Kwa haki kabisa, mlenda ukianikwa chini siku za upepo hauwezi kukosa mchanga. Uanikwe juu ya uchanja na kufunikwa chandarua. Ila pale haukuwa wakati wa kutoa elimu. Mzee mmoja akanyoosha mkono, bunge zima limo kifuani mwake:

“Taarifa, Mwenyekiti! Hata kwetu ulikuwa na mchanga.”

Mkewe alikuwa ubavuni pake.

Nikatozwa faini ya kuzungumza nje ya ajenda, ingawa sikuwa nimefungua kinywa. Mzee naye akatozwa, na nyumbani sijui walimalizanaje. Mwiko ulirudi jioni ileile, umeoshwa mpaka unang'aa.

Sasa shajara nimeivalisha karatasi ya kalenda na kuiandika juu, kwa herufi kubwa: FIZIKIA, KIDATO CHA TATU. Nilijua humo ndani hakuna atakayechungulia. Leo asubuhi shemeji kapiga simu: mwanawe yuko kidato cha tatu, anaomba kuazima notsi.