Strikemaster moja irudi, iruke juu ya bahari ya Malindi

Mwaka 1971 jeshi letu la anga lilikuwa halijatimiza hata miaka kumi tangu kuundwa, nalo likapokea jeti sita za Strikemaster kutoka Uingereza. Kiwanda kilizipa namba ya Mk 87, namba iliyotengwa kwa ajili ya Kenya. Ni ndege fupi yenye pua butu, injini moja ya Viper, viti viwili ubavu kwa ubavu, na matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa. Ilikuwa ya kufundishia marubani na ya kupigana pia. Mwaka 1988 zilizobaki zikauzwa Botswana. Botswana nayo ilipopata jeti nyingine katika miaka ya 1990, Strikemaster zake zikaingia mikononi mwa watu binafsi, na Mk 87 ikaja kuonekana angani Uingereza kwenye maonyesho ya ndege, watoto wamebebwa mabegani mwa baba zao wakiinyooshea vidole.

Nataka moja irudi nyumbani. Na sitaki irudi kuwekwa juu ya nguzo ya saruji kwenye mzunguko wa barabara. Nataka iruke.

Nimefanya ufundi wa ndege ndogo miaka 19, mingi yake uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kabla ya hapo nilikulia Lamu, chini ya majahazi. Ami yangu alikuwa fundi Matondoni. Jahazi likipandishwa pwani alikuwa akilala chali mchangani, anagonga mbao kwa mpini wa nyundo, moja baada ya nyingine, huku amefumba macho. Mbao nzima huita. Iliyooza hunyamaza. Akifika iliyonyamaza anaitia alama kwa mkaa, anaendelea. Siku ya pili ndipo tezo na keekee hutoka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchovya pamba kwenye mafuta, nampa, anaipiga kalafati baina ya mbao hadi usingeweza kuingiza kucha. Baada ya likizo tatu za shule nilianza kuisikia ile mbao inayonyamaza. Hakuna aliyenieleza kwa maneno, na hata leo sidhani kama inaelezeka.

Nilipomsimulia habari za kufufua jeti za zamani, aliniuliza swali moja tu: "Na misumari yake, muliitoa?"

Ndilo swali lenyewe. Ndege ya umri ule huwezi kuipaka rangi ukaiwasha. Unafungua ngozi yake, unatoa ribiti, ndiyo misumari yake, pale unapotilia shaka, unatazama mhimili wa bawa, yaani mkuku wake, kwa eksirei. Unapaka dawa nyekundu juu ya chuma, unaifuta mpaka pasafi, unapuliza unga mweupe, unasubiri. Kama kuna ufa, wekundu uliojificha ndani yake unapanda wenyewe kwenye ule weupe, mstari mwembamba kama unywele. Mara ya kwanza nilipouona, kwenye mguu wa ndege ya abiria kumi na wawili, mkono ulinitetemeka, kwa sababu asubuhi ile ile ndege hiyo ilikuwa imetua Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, imejaa watu. Nyufa za mabawa si jambo la kubuni kwa Strikemaster. New Zealand ilizitumia kwa mafunzo makali kwa miaka, nyufa zikajitokeza, na hilo likawa sababu mojawapo ya kuzistaafisha mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kisha mipira yote ya haidroliki inatoka, hata ile inayoonekana mizima, maana mpira huzeeka ukiwa umekaa. Nyaya zinatoka. Injini ina hesabu mbili, ya saa ilizofanya kazi na ya miaka iliyolala, na zote mbili huhesabiwa. Viti vya kumrusha rubani nje vina baruti ndani yake, na baruti ina tarehe ya mwisho. Mwaka 2009 Afrika Kusini, jeti ya Lightning ilipata hitilafu ikiwa kwenye maonyesho. Rubani alijaribu kujirusha, kifuniko cha chumba chake kikakataa kutoka, akafa. Yeyote atakayesema viti ni kitu cha kushughulikia baadaye, asiguse ndege hiyo.

Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wa Malindi wanaotaka ndege ikae kwao. Isikae. Niliwahi kuitwa kutazama ndege ndogo iliyoachwa nje hapo miaka minne, mwenyewe yuko ng'ambo. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Nilifungua kifuniko cha chini ya bawa, unga mweupe ukanimwagikia mkononi kama chokaa, na nilipobonyeza kwa kidole gumba, bati likaingia ndani. Kidole, si bisibisi. Hewa ya chumvi haioni haya kwa alumini. Strikemaster ikae bara, mahali pakavu kama Nanyuki, ije Mombasa ambako njia ya kurukia ni ndefu, inyanyuke, na kwa mwendo wake wa zaidi ya kilomita 700 kwa saa itakuwa mbele ya Malindi baada ya dakika kumi hivi. Ifanye onyesho, irudi, na jioni ile ile injini ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kila safari, bila kukosa hata moja.

Kwa nini basi Malindi? Kwa sababu ya bahari. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, jeti ya Hunter ilipiga duara la angani ikiwa chini mno, ikaanguka barabarani, na watu 11 waliokuwa huko chini wakafa. Baada ya hapo Uingereza ilizizuia jeti za zamani kufanya michezo ya angani juu ya nchi kavu. Sisi tuna ufuo mrefu ambao watu wanaweza kukaa wakatazama, na mbele yao maji matupu. Mashua zinaweza kuondolewa kwa saa moja. Barabara huwezi kuiondoa. Na Kenya tuliwahi kuwa na Hunter zetu wenyewe, kwa hiyo habari za Shoreham zisichukuliwe kuwa za watu wengine.

Kuna jambo jingine linalonisukuma. Wamalindi wanajua mitambo mikubwa. Ngomeni pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi iliondoka kwenye jukwaa la San Marco baharini na satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Mara ya mwisho kurusha ilikuwa Machi 1988. Mwaka ule ule jeti zikaenda Botswana. Mimi nikiutazama mwaka huo naona milango miwili ikifungwa, na mikono iliyokuwa ikifanya kazi nyuma ya milango hiyo ikarudi kulima na kuvua.

Naambiwa pesa za kuifufua jeti zijenge zahanati. Zahanati zijengwe, tena kwa kodi, na jeti isiguse kodi hata senti. Waingereza walipoifufua Vulcan, ile ndege kubwa ya mabomu yenye injini nne, sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwa michango ya watu wa kawaida. Iliruka tena Oktoba 2007, ikaendelea hadi Oktoba 2015, ikasimama kwa sababu kampuni zilizokuwa zikiidhamini kitaalamu zilijiondoa. Katikati hapo, mwaka 2012, vifuko vya dawa ya kukausha unyevu vilisahauliwa kwenye njia ya hewa. Injini ikavinyonya, ikavunjika, ikaharibu na ya pili. Injini mbili zilipotea kwa vifuko ambavyo ungevishika kwa mkono mmoja. Nawaeleza vijana ninaowafundisha habari hii kila mwaka, kisha tunahesabu spana kabla ya kufunga kifuniko chochote.

Najua pia wapo ambao mlio wa jeti huwarudisha Agosti 1982, lile jaribio la mapinduzi. Nawaheshimu. Watangaziwe mapema, misikitini, makanisani na redioni, siku na saa, asishtuke mtu.

Lakini haraka ninayo, na haraka hiyo haitokani na ndege. Aliyekuwa fundi kijana wa jeti hizo, wa miaka 20 mwaka 1971, sasa amepita 70. Mmoja wao tunaswali naye Malindi. Ijumaa iliyopita baada ya swala nilimuuliza mafuta yanavyopita kwenye Viper. Hakunijibu kwa maneno. Alichutama kivulini, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole: pampu hapa, chujio hapa, bomba linapinda hapa, na hapa, akabonyeza shimo dogo, hapa ndipo linapovuja ukilikaza sana. Alichora kwa muda mrefu, bila kufuta hata mstari mmoja. Nilipiga picha kwa simu kabla watoto hawajapita juu yake.