Bosi Alipoitisha Mgomo

Kampuni moja ya kigeni ilikuja Bagamoyo kupiga picha za tangazo la majani ya chai, nami nikaajiriwa kuwasimamia mafundi na vibarua wa hapa na kuwafikishia kwa Kiswahili kila alichosema mwongozaji, Mmarekani mwenye kipaza sauti ambacho hakukiweka chini hata wakati wa kula. Tulikuwa tumemjengea ufukweni mgahawa wa bandia wa mbao na makuti, wenye mlango mzuri usioelekea popote, na malipo yetu ya wiki iliyotangulia yalikuwa bado "yanashughulikiwa".

Neno lililotuponza ni "strike". Asubuhi mkuu wa taa alinyooshea kidole taa kubwa akasema, "Strike it." Kamusi yangu ilisema kupiga, nami nikasema kama kamusi: "Kijana, piga hiyo taa." Kijana alinitazama, akaitazama taa, kisha akaigonga taratibu kwa kiganja, kama mtu anayejaribu tikiti sokoni. Kumbe ilitakiwa kuwashwa. Nilielezwa kwamba taa za zamani za sinema ziliwaka kwa kugusanisha vijiti viwili vya kaboni na kuviachanisha hadi mwali wa umeme uruke kati yake, na neno likabaki hata baada ya vijiti vyenyewe kutoweka. Nikaandika katika daftari: washa. Baada ya chakula mwongozaji alisema neno lilelile kuhusu kiti. Kwa mujibu wa daftari langu kiti kilipaswa kuwashwa, na fundi mmoja alikwisha kuulizia petroli, tulipofahamishwa kwamba safari hii maana yake ni ondoa.

Wenyewe hawaoni ajabu yoyote. Kwa Wamarekani haohao, mchezaji wa besiboli akirusha gongo akaukosa mpira, hiyo ni "strike". Akienda kwenye mchezo wa tufe na vigingi akaviangusha vyote kumi kwa mkupuo mmoja, hiyo nayo ni "strike".

Alasiri kipaza sauti kikanguruma: "We strike at six!" Mezani mchana ule wageni walikuwa hawakuzungumza jambo jingine ila migomo ya Hollywood ya mwaka 2023, jinsi waandishi walivyoanza tarehe 2 Mei, waigizaji wakafuata tarehe 14 Julai, na jinsi kila mmoja wao alivyokaa nyumbani bila kazi hadi Novemba. Katika agizo lile hapakutajwa taa wala kiti. Mtu mwenye akili zake timamu angeelewa nini? Nikawatangazia wenzangu kwamba saa kumi na mbili jioni tunagoma.

"Kaka, na bosi anajua?"

"Bosi ndiye aliyeitisha."

Sijapata kuona agizo likipokelewa kwa utiifu namna ile. Ilipotimu saa kumi na mbili nyundo ziliwekwa chini na watu wakaketi mchangani kwa safu, wametulia. Mwongozaji alipotokea na kuukuta mgahawa wake bado umesimama, ilhali maji ya bamvua yanapanda, alipiga ukelele: "Strike! Strike!" Vibarua, ambao neno hilo la Kizungu walilijua barabara, waliinua ngumi wakaitikia kwa pamoja: "Straiki!" Kadiri alivyozidi kupaza sauti ndivyo walivyozidi kumshangilia, na mmoja akajisogeza ili ampishe nafasi, kwa kuwa si vyema kiongozi wa mgomo kusimama peke yake.

Aliyeng'amua mkanganyiko huo ni fundi sauti, Mwingereza mpole, wakati maji yalipokuwa yamefika kizingitini. Alieleza kwamba mabaharia wa kwao hulitumia neno hilo kwa kushusha tanga, na kwamba mwaka 1768 mabaharia jijini London walishusha matanga ya meli za biashara ili zisiondoke, ndipo neno likaja kumaanisha pia kugoma. Nahodha wa jahazi lililokodiwa kupamba mandhari alisikiliza tafsiri yangu hadi mwisho, kisha akawageukia vijana. "Wanangu, huyu mzungu anataka tutue tanga. Simameni." Waliinuka mara moja, wakaubomoa mgahawa ubao kwa ubao na kuyapandisha makuti juu pakavu. Kilichotutoka ni ule mlango tu, ambao hatimaye ulipata pa kuelekea: ulionekana mara ya mwisho ukielea kwenda Unguja.

Mhasibu wao lakini hakuyasikia maelezo hayo. Yeye aliona watu wameketi na ngumi juu, akakimbilia hotelini, akarejea anahema na bahasha ya malimbikizo yetu yote, pamoja na nyongeza ya kutuliza hasira ambazo hakuna aliyekuwa nazo. Katika hati ya malipo, penye nafasi ya maelezo, aliandika neno moja tu: "Strike". Mwongozaji alilisoma, akaona ni gharama halali ya kubomoa, akaidhinisha papo hapo. Nasi tukatia sahihi.