Kipengele cha Kimarekani kwenye ngoma ya chatu

Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza kusoma, akatema mate pembeni, akauliza: "Sasa ng'wanone, mwanangu, huyo Mmarekani tunamweka wapi? Sandukuni na chatu?"

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya steshenari moja pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, karatasi mkononi mwangu bado zina joto la printa. Lilikuwa tangazo la ruzuku ndogo za utamaduni ambazo serikali ya Marekani hutoa kupitia balozi zake. Sharti mojawapo lilisema mradi lazima uwe na kipengele cha Kimarekani: mtaalamu wa kwao, taasisi ya kwao, au chochote kinachougusa utamaduni wao. Kikundi cha mzee kinacheza ngoma ya nyoka. Walikuwa wanataka hela ya ngozi, mabati ya kibanda, na posho ya vijana wachache wajifunze kupiga kabla wanaojua hawajatangulia wote. Hata umtafute kwa tochi, Mmarekani humo hayumo.

Siku ile nilicheka. Lakini kila nikisikia watu mjini wanalalamika kwamba wafadhili wana masharti, swali la mzee linarudi, na mawazo yangu yamekuwa tofauti na ya wengi. Mimi naona lile sharti ni halali kabisa. Fedha ile haitoki kwenye sanduku la sadaka. Ni fedha ya diplomasia. Mlipakodi wa Ohio hatoi dola zake ili ngoma ya Kisesa isife, anazitoa ili Kisesa wamfahamu na ikiwezekana wampende. Wala hawafichi, wameiandika kwenye tangazo. Sisi ndio tunaosoma "ruzuku" tukasikia "msaada".

Na Wasukuma kati ya watu wote hatukupaswa kushangaa. Nenda kituo cha utamaduni cha Bujora wakati wa Bulabo, tamasha letu la ngoma, mwezi Juni karibu na sikukuu ya Ekaristi. Makundi mawili ya wachezaji hushindana: Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, muda uleule, uwanja uleule. Mshindi ni yule aliyevuta watu. Umati unahama kama maji kwenye beseni: huku wametoa fisi, watu wanakimbilia huku, kule wamefungua sanduku la chatu, uwanja mzima unageuka. Hakuna anayeshikwa mkono. Mchezaji anachimba dawa, anabuni vituko, anashona mavazi, ili tu wewe usogee upande wake. Ukiwauliza wazee watakwambia ushindani huo ulianza na Ngika na Gumha, waanzilishi wa makundi hayo, enzi za mababu. Wasomi wa mambo ya nje wana jina lao kwa nguvu hii ya kuvuta bila kuchapa. Sisi tuna uwanja wake kabisa.

Mataifa makubwa yamecheza Bulabo lao kwa miongo. Uingereza ilianzisha British Council, taasisi ya kueneza lugha na utamaduni wake, mwaka 1934. Marekani ikaanzisha ufadhili wa masomo wa Fulbright mwaka 1946, kwa fedha zilizotokana na kuuza mali za kijeshi zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1956 ikamtuma mwanamuziki wa jazz Dizzy Gillespie na tarumbeta yake kuzunguka nchi za watu kwa gharama ya serikali, wakati ambapo watu weusi kama yeye walikuwa bado wanatengwa kwa sheria katika majimbo ya kusini mwa nchi yake. Unaweza kuuita unafiki, na mimi nauita hivyo. Lakini walijua silaha yao ni ipi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wajerumani. Kati ya 1948 na 1952 Marekani iliijenga upya Ulaya Magharibi kwa Mpango wa Marshall. Sasa tazama ulivyofanya kazi. Bidhaa zikitoka Marekani, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyezichukua alizilipia kwa fedha ya nyumbani, na malipo yale yakaingia kwenye mfuko maalumu. Mfuko ukawakopesha wenye viwanda, wakarudisha na riba, ukakopesha wengine. Haukuvunjwa. Mpaka leo upo, chini ya wizara yao ya uchumi, na sehemu ndogo ya fedha zake ndiyo inayogharamia Programu ya Transatlantiki: mijadala, ziara za vijana, miradi ya kuwakutanisha Wajerumani na Wamarekani. Yaani msaada waliopewa na Marekani wameugeuza kikoba, na faida ya kikoba ndiyo wanayoikaribishia Marekani chai. Wakikaa mezani kujadili ushirikiano wa ng'ambo hizi mbili za Atlantiki, wana kikombe chao.

Akina mama wanaoanika dagaa Kirumba wangelielewa jambo hili kabla sijamaliza sentensi. Sisi wa miradi ndio wagumu. Mradi kwetu una tarehe ya kufa tangu siku ya kuzaliwa: unapata ruzuku, unachapisha fulana, unafanya uzinduzi na keki, unakusanya risiti, unaandika ripoti, kwisha. Ngoma iliyonunuliwa inabaki stoo kwa katibu.

Basi turudi Kisesa, maana tuliomba vilevile. Mmarekani tulimpata kwa njia ya kiungwana: mwalimu mmoja wa muziki wa huko aliyekubali kufundisha vijana namna ya kurekodi na kuhifadhi sauti. Mzee akaridhika, hasa alipohakikishiwa kwamba mgeni hatagusa chatu. Kilichotushinda ni anwani. Anayetaka ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa kawaida hudaiwa namba ya utambulisho kwenye mfumo wao wa mtandaoni unaoitwa SAM, mfumo uleule wanaojisajili makampuni yanayoiuzia serikali hiyo ndege na vifaru. Mfumo hautaki sanduku la posta. Unataka mahali ulipo. Ofisi ya kikundi ni chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Tukatumia anwani ya makazi, ile ya vibao vilivyowekwa mwaka 2022, lakini cheti cha usajili kilikuwa na anwani ya zamani, na taarifa ya benki ilikuwa imekosea herufi moja kwenye jina la kikundi. Benki wakasema turudi Jumatatu. Jumatatu wakasema mhusika yuko likizo. Namba ilitoka siku tisa baada ya dirisha la maombi kufungwa.

Sijui nani wa kulaumiwa hapo. Herufi moja ni herufi moja. Ila najua kwamba vikundi vyenye ofisi Dar es Salaam, mhasibu wa kuajiriwa na mtu anayejua Kiingereza cha maandiko ya miradi havikwami kwenye herufi. Ndiyo maana ruzuku za utamaduni huwafikia wanaojua kuandika kuhusu ngoma kabla ya wanaoipiga.

Halafu mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID, shirika lake la misaada ya maendeleo. Nyingi ya fedha zake zilikuwa za afya na mambo kama hayo, si za ngoma, lakini hapa Mwanza kila mmoja wetu anamjua mtu aliyerudi nyumbani na boksi la vitu vyake vya ofisini. Anayetoa kwa sababu zake huacha kwa sababu zake. Huwezi kumkasirikia.

Ninachokitaka mimi si kikubwa. Jiji letu lina udugu na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, mji ambao watu wake hawafiki laki moja na nusu, wakati wilaya zetu mbili, Nyamagana na Ilemela, tukijumlishwa tulishavuka milioni kwenye sensa ya 2022. Bujora yenyewe aliianzisha Mkanada, Padri David Clement, miaka ya 1950, kwa hiyo ng'ambo ya Atlantiki tuna ndugu siku nyingi. Kinachokosekana mezani ni kikombe chetu. Halmashauri tayari hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fuga kuku, shona, nunua bodaboda, utasikilizwa. Sema unapiga ngoma, afisa anakuuliza biashara yako ni nini hasa, wakati harusi ya mwanawe mwenyewe ilichezwa na kikundi cha kukodi. Vikundi vya ngoma vihesabiwe kuwa ni kazi, vikopeshwe, virudishe, vikopeshwe tena. Atakayekuja na ruzuku kutoka Washington au Berlin akute kuna mfuko unaozunguka, achangie humo, na mkataba useme kijana wa Kisesa naye anakwenda kwao kufundisha. Sisi pia tuandike sharti la kipengele cha Kisukuma.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia mzee. Nilimkuta ameinamisha ngoma juu ya moto wa nyasi, anaikausha ngozi, anaigonga kwa kidole, anairudisha. Wameanza kuchanga elfu mbili mbili kila Jumapili, daftari analo binti yake. Akaniuliza yule mwalimu wa Marekani bado anataka kuja. Nikamwambia anataka, ila nauli hana.

"Mwambie avumilie," akasema. "Daftari halijajaa."